Njia ya Faili: Kutoka Wapi?

MWALIMU: Chukueni kalamu na daftari. Kila darasa lenye karatasi ya somo liiweke mezani, maana leo tutataja maneno yenye vimstari na alama nyingi, na sikio peke yake haliwezi kuyashika. Lazima jicho lisaidie. Nimekaa hapa na mama mmoja, mwanafunzi wetu, ambaye anajifunza ufundi wa kompyuta. Yeye ataniuliza pale ninapokwenda mbio.

MWANAFUNZI: Hamjambo, wenzangu. Nitamwuliza, msiwe na shaka.

MWALIMU: Haya. Kompyuta nyingi mnazoziona maofisini huendeshwa na Windows ya kampuni ya Microsoft. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida kwa toleo la Windows 10, na tangu hapo mafundi wengi wameitwa kuondoa la zamani na kuweka jipya. Wao wenyewe kazi hiyo huiita kupiga Windows. Fundi mwenye kompyuta moja hukaa mbele yake akajibu maswali: lugha gani, diski gani, jina gani. Lakini fundi aliyepewa kompyuta thelathini za shule hawezi kujibu maswali yale yale mara thelathini. Yeye huandaa flashi kwa namna yake. Ndani yake huweka Windows, programu anazozitaka, na draiva. Draiva ni programu ndogo inayoifundisha Windows kukitumia kifaa fulani, kama kadi ya mtandao au printa. Kisha huandika faili la amri, yaani amri zilizopangwa mstari baada ya mstari, ili kompyuta ijifanyie kazi yenyewe. Huchomeka flashi, huwasha, huenda kunywa chai.

Sasa akirudi, kama alikosea kuandika njia ya faili moja tu, atakuta Windows imeingia vizuri, skrini inang'aa, lakini kompyuta zote thelathini hazina mtandao. Na kompyuta isiyo na mtandao haiwezi kwenda mtandaoni kujitafutia draiva iliyoikosa. Kazi ya siku nzima inaanza upya. Tena kuna kosa jingine baya kuliko hilo, la kufuta mali ya mwenye kompyuta. Hilo nitalieleza kwa kituo baadaye.

MWANAFUNZI: Mwalimu, umesema njia ya faili. Faili nalo lina njia?

MWALIMU: Linayo, mama. Faili hukaa ndani ya folda, na folda huweza kukaa ndani ya folda nyingine, kama vile barua iliyo ndani ya bahasha, na bahasha iliyo ndani ya mtoto wa meza. Njia ni maelezo ya jinsi ya kulifikia. Tazameni mfano wa kwanza katika karatasi:

D:\Draiva\Mtandao\weka.cmd

Someni pamoja nami. Herufi D na nukta mbili: hiyo ni diski. Halafu mkwaju, kile kimstari kilichoegemea nyuma. Halafu folda iitwayo Draiva. Ndani yake folda iitwayo Mtandao. Ndani yake faili liitwalo weka.cmd. Kila mkwaju maana yake ni "ingia ndani".

Huenda mtu akauliza kwa nini hatuanzi na herufi A. Zamani A na B zilikuwa za zile diski laini za kuchomeka, na diski kuu ikapewa C. Diski laini zimetoweka mezani, lakini C haikurudi nyuma kuchukua nafasi yao. Mkwaju nao una kisa chake. Mwaka 1983, katika mfumo wa DOS toleo la 2.0, ndipo watu wa Microsoft walipoleta folda ndani ya folda. Mkwaju ulioegemea mbele ulikuwa umekwisha kutumiwa kwa kazi nyingine katika amri, kwa hiyo wakachukua ulioegemea nyuma. Wanafunzi wengi huvichanganya vimstari hivi viwili mpaka leo, wala siwalaumu.

Sasa tuingie kwenye kiini cha somo. Mgeni anakuja nyumbani kwako, nawe wamwelekeza. Waweza kumwambia: "Shuka stendi kuu ya mabasi, fuata barabara ya sokoni mpaka msikitini, nyumba ya tatu kulia." Maelezo hayo yanaanzia mahali panapojulikana na kila mtu. Awe anatoka kaskazini, awe anatoka kusini, atafika. Hiyo ndiyo njia kamili. Au waweza kumwambia kwa simu: "Toka hapo uliposimama, nenda mbele kidogo, kata kulia." Maelezo hayo ni mafupi na mazuri, ila yana sharti moja: lazima awe amesimama pale unapodhani amesimama. Hiyo ni njia tegemezi. Yategemea mahali alipo msafiri.

Njia kamili mmekwisha kuiona. Huanza na herufi ya diski. Njia tegemezi haina herufi wala mkwaju mwanzoni:

Draiva\Mtandao\weka.cmd

Maana yake: hapa nilipo pana folda iitwayo Draiva, ingia. Na mkiona nukta mbili zilizofuatana, kama hivi:

..\Programu\ofisi.exe

maana yake ni "rudi nje folda moja kwanza, kisha ingia Programu."

MWANAFUNZI: Basi, mwalimu, mbona tusitumie njia kamili siku zote? Mgeni hatapotea.

MWALIMU: Hatapotea maadamu stendi haihami. Katika kupiga Windows, stendi huhama! Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hukwama.

Unapowasha kompyuta kwa flashi, Windows kamili bado haipo. Huamka kwanza Windows ndogo, jina lake Windows PE, ambayo kwa kawaida huishi katika kumbukumbu ya kompyuta, nayo hujiita diski X. Windows hiyo ndogo hugawa herufi nyingine upya kwa kadiri ya diski na vipande vya diski inavyovikuta. Kwenye kompyuta ya kwanza flashi yako huenda ikawa D. Kwenye ya pili, ambayo diski yake imegawanywa vipande vitatu, flashi hiyo hiyo ikawa F. Kwenye ya tatu, ambayo diski yake ni mpya tupu, flashi ikawa C. Kisha Windows kamili ikishaingia, herufi hugawiwa tena, na diski yenye Windows mara nyingi hujiita C, hata kama dakika kumi kabla C ilikuwa kitu kingine. Kwa hiyo fundi aliyeandika D:\Draiva katika faili lake ameandika jambo lililokuwa kweli mezani kwake tu, siku ile, kwenye kompyuta ile.

MWANAFUNZI: Nimeelewa. Basi tutumie njia tegemezi. Nami nilifanya hivyo wiki iliyopita. Nililibofya faili langu la amri mara mbili, likafanya kazi bila taabu. Lakini nilipoliacha liendeshwe na Windows yenyewe wakati wa kupiga, halikuona kitu. Faili ni lile lile, folda ni zile zile!

MWALIMU: Mama, swali lako linalipa somo zima. Ulipolibofya kwa mkono, Windows ilifanya jambo moja kimyakimya: kabla ya kuendesha faili, ilikwenda kusimama katika folda ya faili lenyewe. Kwa hiyo uliposema "hapa nilipo pana folda Draiva", ilikuwa kweli. Lakini faili linapoendeshwa na mtu mwingine, tuseme na programu ya kupiga Windows, kompyuta huenda ikawa imesimama mahali pengine kabisa, mara nyingi C:\Windows\System32. Hata wewe mwenyewe ukibofya kitufe cha kulia na kuchagua kuliendesha kwa mamlaka ya msimamizi, kompyuta husimama huko huko System32. Ukisema "hapa nilipo pana Draiva", itatafuta Draiva ndani ya System32, haitaiona, itaandika sentensi moja kwamba njia haikupatikana, na kuendelea na safari.

Shikeni jambo hili kwa mikono miwili. Njia tegemezi haihesabiwi kutoka mahali faili la amri linapokaa. Huhesabiwa kutoka mahali kompyuta iliposimama wakati ule. Sehemu hizo mbili huweza kuwa moja, na huweza kuwa mbali kama Kigoma na Tanga.

Iko pia njia ya nusu, inayoanza na mkwaju bila herufi, kama \Draiva\Mtandao. Hiyo yasema: "anzia shina la diski niliyosimama juu yake." Haijui ni diski gani. Ikutaneni nayo, itambueni, lakini msiitegemee.

MWANAFUNZI: Sasa njia kamili inahama, na njia tegemezi inapotea. Fundi afanye nini?

MWALIMU: Atumie njia inayoanzia kwenye kitu kisichohama kwa upande wake. Na kitu hicho, katika kazi hii, ni faili la amri lenyewe. Windows imetupa alama moja ya ajabu kidogo. Iandikeni pole pole, herufi kwa herufi:

%~dp0

Ni alama ya asilimia, kiwimbi, d, p, na sifuri. Siyo herufi o, ni sifuri. Ndani ya faili la amri, alama hiyo hugeuka kuwa njia kamili ya folda lilimokaa faili hilo, pamoja na herufi ya diski ya wakati huo na mkwaju wa mwisho. Kama faili limo katika flashi na leo flashi ni F, alama itakuwa F:\. Kesho flashi ikiwa D, itakuwa D:\. Fundi haandiki herufi yo yote. Tazameni mstari huu, ambao huziweka draiva zote zilizomo katika folda Draiva na folda zake za ndani:

pnputil /add-driver "%~dp0Draiva\*.inf" /subdirs /install

Mmeona kwamba baada ya sifuri sikuweka mkwaju? Alama imekuja na wake. Na mmeona alama za mtajo mwanzo na mwisho wa njia? Hizo ni za lazima ikiwa jina la folda lina nafasi katikati. Bila hizo, folda iitwayo Kazi Zangu itasomwa kuwa vitu viwili, Kazi na Zangu, na hakuna kati yake kitakachopatikana. Mimi huziweka hata pasipo nafasi, kwa kuwa sijui mtu atakayebadilisha jina kesho.

Wengine hupenda kuandika mstari mmoja mwanzoni mwa faili, kisha wakaendelea kwa njia tegemezi za kawaida:

cd /d "%~dp0"

Yaani: nenda ukasimame katika folda yangu. Ile /d ni ya kuiruhusu ibadili diski pia. Ukiisahau, na faili liko diski nyingine, kompyuta haitahama.

Sasa niwaonyesheni jinsi Microsoft wenyewe walivyolitatua jambo hili katika flashi ya kupiga Windows. Ndani ya flashi mna folda iitwayo sources. Humo fundi huweza kutengeneza folda yenye jina la kushangaza, $OEM$, na ndani yake nyingine mbili:

sources\$OEM$\$$
sources\$OEM$\$1

Zile alama za dola si fedha. Ni majina ya mahali. Cho chote utakachokiweka ndani ya $$ kitanakiliwa mpaka ndani ya folda ya Windows yenyewe, iwe wapi iwavyo. Cho chote utakachokiweka ndani ya $1 kitanakiliwa mpaka shina la diski yenye Windows. Hakuna herufi hata moja. Aliyebuni hivyo alijua kwamba herufi haziaminiki.

Tena, ukitengeneza ndani ya $$ folda Setup, na ndani yake Scripts, ukaweka humo faili liitwalo SetupComplete.cmd, Windows italiendesha yenyewe kazi ya kupiga ikishakwisha, kabla mtu hajaona skrini ya kuingilia. Ziweke na draiva zako humo humo, kando ya faili hilo. Zote zitanakiliwa pamoja mpaka C:\Windows\Setup\Scripts, na ule mstari wa pnputil wenye %~dp0 utazikuta pale pale. Wakati huo flashi yaweza kuwa imekwisha chomolewa na iko kwenye kompyuta nyingine.

Kuna tahadhari moja. Ukitumia ufunguo wa Windows wa aina inayotolewa kwa watengenezaji wa kompyuta, faili hilo kwa kawaida haliendeshwi, isipokuwa katika toleo la Enterprise. Msije mkatafuta kosa la njia mahali ambapo njia haina kosa.

MWANAFUNZI: Nimesikia mafundi wanataja pia %SystemDrive% na %WinDir%.

MWALIMU: Hayo ni majina mazuri. La kwanza ni diski yenye Windows, la pili ni folda ya Windows. Yatumieni badala ya kuandika C. Lakini kumbukeni yanamaanisha Windows inayoendesha wakati ule. Ukiyatumia ndani ya ile Windows ndogo ya kuanzia, %SystemDrive% itakuwa X, na utakachokinakili huko kitapotea kompyuta ikizimwa, kwa kuwa X iko katika kumbukumbu tu. Katika hatua hiyo, kama lazima uitafute flashi, weka katika shina lake faili dogo lenye jina usilotarajia kulikuta pengine, kisha faili la amri liulize herufi moja moja, C, D, E, mpaka lile lenye faili hilo liitike.

Mafundi wa zamani waliokuwa wakipiga Windows XP, ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia mwaka 2014, watakumbuka mstari wa OemPnPDriversPath katika faili lao la majibu. Pale uliandika Draiva\Mtandao bila herufi, na Windows yenyewe ikaongeza diski yake mbele. Hiyo ilikuwa njia tegemezi, lakini iliyotegemea mahali palipotajwa wazi katika kitabu cha maelezo. Njia tegemezi ya namna hiyo haina hatari.

Nimeahidi kueleza kosa la kufuta. Tazameni mistari hii miwili, wala msiijaribu:

cd /d D:\Muda
del /s /q *.*

Wa kwanza wasema: nenda ukasimame katika folda Muda ya diski D. Wa pili wasema: futa mafaili yote ya hapa uliposimama na ya folda zote za ndani, wala usiniulize. Fundi alitaka kufuta takataka zake za muda tu. Lakini kwenye kompyuta hii D siyo flashi. Ni diski ambayo mwalimu mkuu amewekea alama za wanafunzi na picha za miaka mingi. Haina folda Muda. Mstari wa kwanza unashindwa.

MWANAFUNZI: Basi kompyuta itasimama.

MWALIMU: Haisimami, mama! Faili la amri haliachi kazi kwa sababu mstari mmoja umeshindwa. Linaandika kwamba njia haikupatikana, linabaki pale pale liliposimama, na linaendelea na mstari wa pili. Litafuta nini? Cho chote kilicho pale. Kama faili lilikuwa limeanzia katika folda ya mwenye kompyuta, basi ni mafaili yake, na yaliyofutwa kwa amri hii hayaendi kwenye pipa la taka ambamo ungeweza kuyaokota.

MWANAFUNZI: Mungu wangu. Na kinga yake?

MWALIMU: Kinga ya kwanza ni kuunganisha amri mbili kwa alama mbili za &&, ambazo maana yake ni "ya pili ifanywe endapo tu ya kwanza imefaulu". Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kutomwambia mfutaji neno "hapa" kabisa. Mpe njia yote:

rd /s /q "%~dp0Muda"

Hii yasema: iondoe folda Muda iliyo kando yangu. Isipokuwapo, hakuna kitakachoondolewa. Katika kunakili nakubali njia tegemezi. Ikishindwa, utanakili tena. Katika kufuta siikubali hata siku moja, na mtu akiniletea faili la amri lenye del na nyota bila njia mbele yake, namrudishia kabla sijasoma mstari wa tatu.

Jambo la mwisho, kwa kifupi. Programu nyingi za Windows hazipokei njia yenye zaidi ya herufi 260 hivi, kuanzia herufi ya diski mpaka mwisho wa jina la faili. Kwa hiyo folda zenu za draiva zipeni majina mafupi, wala msizifukie ndani ya folda kumi.

Kazi ya nyumbani ni hii. Andikeni faili la amri lenye mistari mitatu tu, mlipe jina mahali.cmd:

echo Nimesimama: %CD%
echo Nimekaa: %~dp0
pause

Liendesheni kwanza kwa kulibofya mara mbili, mkaandike katika daftari mlichokiona. Kisha liendesheni kwa mamlaka ya msimamizi, mkaandike tena. Halafu linakilini kwenye flashi, mkafanye vivyo hivyo kwenye kompyuta nyingine. Linganisheni mistari yote, na kila darasa lituletee majibu yake kabla ya somo la wiki ijayo, ambalo litahusu faili la majibu. Kwaherini, wasikilizaji.

MWANAFUNZI: Kwaherini.